Hapo Umenyamaza

Barua ilisema hakunawa mikono.

Mkunga aliisoma akiwa amesimama jikoni, koti la baridi bado mwilini, begi bado begani. Akaketi, akaisoma tena. Miaka kumi na mmoja alikuwa ameimaliza kwenye wodi ya wazazi kule kwao. Watoto aliowapokea wangejaza shule nzima na wengine wakakosa madawati. Leo karatasi yenye mhuri inamwambia hakunawa mikono! Tena si hilo tu. Hakumsalimu mgonjwa. Hakuuliza jina lake. Hakuita msaada. Hakukanda mfuko wa uzazi damu ilipozidi. Mbele ya kila jambo kulikuwa na neno lile lile: halikufanyika.

"Uongo mtupu," alisema kwa sauti ndogo, maana hata hasira yake ilikuwa na sauti ndogo.

Aliyekuwa jikoni akikaanga mayai akageuka. Huyu alikuwa nesi mwenzake. Walikuja kwa ndege moja, wakapangiwa nyumba moja na kazi hospitali moja, na mle ndani walimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima. Hata akipiga mswaki alikuwa anasimulia.

"Wamekukata?"

Mkunga akamnyooshea barua. Redio akaisoma yote kwa sauti, akitia maoni yake kila mstari, mpaka yai moja likaungua.

"Hebu nikuulize, dada yangu. Uliwaambia kwamba unanawa?"

"Niwaambie vipi? Nilinawa. Mtahini alikuwa hapa, mimi hapa, kama wewe na hilo jiko."

"Na bomba lilikuwa na maji?"

"Maji yatoke wapi? Bomba la kuigizia. Nilisugua hivi, viganja, katikati ya vidole, kucha, mpaka kwenye viwiko."

"Kimya?"

"Sasa ulitaka niimbe?"

Redio alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha kucheka. "Sikiliza. Ule mtihani wa kutupa kibali cha kazi ni wa kusema. Mgonjwa ni mwanasesere, damu ni kitambaa chekundu, maji hakuna. Yule mama mwenye karatasi anaweka alama kwa anachosikia. Wewe ulifanya yote, mimi nilisema yote. Ndiyo maana mimi nimevaa sare ya buluu na wewe bado uko kwenye ya kijivu."

Hakusema kwa kejeli. Aliweka mezani sahani mbili, yai zima akampa Mkunga, lile lililoungua akalila mwenyewe, na mara moja tu katika siku ile akanyamaza kwa dakika tatu nzima.

Ukimya wa Mkunga hakuzaliwa nao. Alifundishwa. Kule alikosomea, leba ilikuwa chumba kimoja chenye vitanda kumi na viwili, hakuna pazia kati ya mama na mama. Neno moja la wasiwasi kwenye kitanda cha kwanza lilifika cha kumi na mbili kabla halijamalizika, na wanawake wote wakaanza kutetemeka. Kwa hiyo Matroni wao wa zamani aliwafunga midomo. Mwanafunzi akipayuka, Matroni alimwekea kidole mdomoni mwake yeye mwanafunzi, sio mwake mwenyewe. Wakajifunza kuzungumza kwa macho. Mkunga akitupa jicho kwenye mkasi, mwenzake ameshaushika. Akiinua nyusi, dripu inatundikwa. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi, na wanawake wa vitanda vile walisema mikono yake ilikuwa ikibembeleza yenyewe.

Sasa alikuwa amebakiwa na nafasi moja. Barua ilisema hivyo chini kabisa: mtihani wa marudio baada ya wiki saba, na asipopita, mkataba unakoma na atarudi kwao. Si kurudi kulikomtisha. Kilichomtisha ni kurudi akiwa ameandikiwa kwamba yeye si mkunga.

Akaikunja barua, akaitia mfukoni mwa sare ya kijivu. "Nitarudia," akasema.

"Ee?" Redio akauliza. "Sikusikia."

"Nimesema nitarudia!"

"Hapo sawa."

*

Sare ya kijivu ilikuwa ya wasaidizi wa wodi. Msaidizi anatandika vitanda, analeta maji, anamsindikiza mama chooni. Hamgusi tumbo. Mkunga alifanya kazi hiyo vizuri, maana hakujua kuifanya kazi yoyote vibaya, lakini mikono yake ilikuwa ikimuwasha kama ya mtu aliyefungwa kamba.

Wiki hiyo hiyo, mchana, alikuwa anabadilisha foronya kwenye chumba cha mwanamke aliyelazwa asubuhi. Mwanamke alikuwa ameegemea dirisha akipumua. Mara pumzi yake ikabadilika. Ilikuwa pumzi fupi yenye mguno mwishoni, na Mkunga aliitambua kama mtu anavyotambua hatua za mumewe kibarazani. Mtoto yuko njiani, tena hana subira.

Akatoka haraka kwenda kwa Sista, mkunga mkuu wa zamu, mwanamke mrefu aliyekuwa anaandika kwenye kompyuta. Akasimama kando yake. Akamtazama. Akainua nyusi. Kule kwao nyusi zile zingetosha kuamsha wodi nzima. Sista aliendelea kuandika. Mkunga akasubiri amalize mstari, akamaliza, akaanza mwingine. Dakika mbili zilipita hivyo.

Ndipo sauti ikatoka chumbani, kubwa, na Sista akaruka. Mtoto alitoka salama, analia, kabla Sista hajafunga vizuri aproni. Mkunga aliruhusiwa kushika mkono wa mama, na aliushika.

Baadaye Sista alimwita kwenye chumba cha chai. Mkunga akajiandaa kusemwa. Sista akamvutia kiti.

"Ulijua," Sista akasema.

"Nilisikia pumzi yake."

"Mimi nilimpima nusu saa kabla, nikaona bado sana. Wewe ulisikia kutoka kwenye foronya." Akatikisa kichwa kwa heshima. "Lakini ulikuja ukasimama kama nguzo. Hapa leo niko nawe, kesho niko na mtu mwingine, keshokutwa sote wageni. Hatujuani macho. Ukijua kitu, nikatize. Hata kama nazungumza na mkurugenzi, nikatize."

Mkunga aliitafakari kauli hiyo njia nzima ya kurudi nyumbani. Mpaka siku ile alidhani mtihani ni mchezo wa kuigiza, na watahini ni watu wanaopenda kelele. Sasa aliona kwamba yule mtoto angeweza kutoka na kukuta mikono hakuna, kwa sababu mtu aliyejua alikuwa amesimama kimya, akiinua nyusi.

*

Jumapili baada ya chakula cha mchana alimpigia mama yake.

Mama yake alikuwa haoni. Presha ya macho ilimzimia taa moja baada ya nyingine, na mwaka wa tatu huu alikuwa gizani. Aliishi na mke wa kaka yake Mkunga, ambaye Mkunga alimwita wifi, na wifi ndiye aliyeshika simu, akaiegemeza kwenye kikombe, akasema, "Mama, mwanao huyu hapa," kisha akaenda zake kufua.

"Wamesemaje?" mama akauliza, hata salamu hajaitikia.

"Wamesema nirudie, mama."

"Ulikosa nini?"

"Sikunawa mikono."

Upande wa pili kicheko kikapasuka. Mama alicheka mpaka akakohoa. "Wewe! Wewe uliyekuwa unanawa mpaka ngozi inachubuka? Wamekupimia mtu mwingine."

Mama alikuwa na haki ya kucheka. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mfagizi wa wodi ile ile ya vitanda kumi na viwili. Alianza kabla binti yake hajajua kusoma, akastaafu binti akiwa amevaa kofia ya ukunga. Alipiga deki chini ya mikono ya wakunga wa vizazi vitatu, na kila walichofanya alikijua, ingawa hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mkunga akamweleza habari ya mtihani, ya bomba lisilo na maji na mama mwenye karatasi. Mama akasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo huyo mtahini ni kama kipofu," akasema.

"Mama!"

"Nasema jambo la maana. Ni kama mimi. Ukifanya bila kusema, kwangu hakuna kilichofanyika. Basi nifanyie mimi huo mtihani. Chukua kitu, mto, chochote. Mwanamke anavuja damu. Ingia."

"Sasa hivi?"

"Una wageni?"

Mkunga akalaza mto kitandani, akatoka nje ya mlango wa chumba, akajisikia mjinga, akaingia. "Nimeingia. Namwona mgonjwa ana—"

"Umebisha hodi?"

"Mama, mlango uko wazi."

"Rudi mlangoni."

Akarudi mlangoni. Akabisha, akaingia, akasalimu mto, akauliza mto jina lake. Akaanza kuinua shuka.

"Mikono!" sauti ikapaa kwenye simu.

"Nimenawa, mama. Sasa hivi tu."

"Sikusikia. Rudi mlangoni."

Siku ile alirudi mlangoni mara tisa. Mara ya tisa wifi alikuwa ameshaanika nguo zote, akachungulia kwenye simu akauliza, "Wifi, mbona unamkanda mto?" na wote watatu wakacheka. Lakini mara ya tisa Mkunga alifika mwisho.

Ikawa desturi yao. Kila siku akiwa hana zamu ya mchana, mtahini alikuwa amekaa tayari kwenye kiti chake, kikombe mbele, simu imeegemezwa. Mama hakuwa na huruma hata chembe. Akisikia maji ya kweli yanamwagika alisema, "Hilo ni sufuria, hunawi hapo." Akisikia binti ameongeza kasi ili amalize alisema, "Unakimbizwa na nani?"

Wiki ya nne Mkunga alisema, "Mama, inatosha kwa lugha yetu. Mtihani ni kwa lugha yao. Na wewe hujui hata neno."

"Sema hivyo hivyo."

"Utajuaje nimekosea?"

"Wewe sema."

Akasema. Lugha ya ugenini ilimtoka taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Alibisha, alisalimu, alinawa, akaita msaada, akaweka mkono juu ya mto, akaanza kukanda.

"Hapo umenyamaza," mama akasema. "Unafanya nini hapo?"

Mkunga akasimama, mkono juu ya mto. Ni kweli. Kila sehemu nyingine maneno yalikuja, lakini mikono ilipoanza kazi yenyewe, ile ya kweli, mdomo ulijifunga wenyewe, kidole cha Matroni kikaurudia.

"Nakanda mfuko wa uzazi, mama."

"Basi niambie. Rudi mlangoni."

*

Mwalimu wa mafunzo pale hospitalini, mwanamume mpole mwenye sweta lililotoboka kiwiko, aliona Mkunga anabaki darasani wenzake wakienda kula. Ijumaa moja alimwekea mwanasesere wa mtoto mchanga kwenye mfuko wa dukani. "Nenda naye. Hakuna atakayemtafuta hadi Jumatatu," akasema. "Ila usimsahau kwenye basi, nitajieleza vipi?"

Kwenye kituo cha basi kibibi mmoja aliyekaa kwenye benchi alitupia macho mfuko ule, akaona kisigino kidogo kimechomoza kati ya mkate na sabuni. Akashika kifua. Siku nyingine zote Mkunga angetabasamu tu na kutazama pembeni. Safari hii aliona uso wa yule kibibi unabadilika rangi, akafungua mdomo.

"Ni wa plastiki!" akasema kwa lugha yao, tena kwa sauti ya kusikika kituo kizima. "Mimi ni mkunga! Nina mtihani!"

Kituo kizima kiligeuka. Kibibi akavuta pumzi, kisha akaanza kucheka, akainama, akaukunja ule mguu na kuuingiza mfukoni kwa uangalifu, akaufunika na kona ya mkate kana kwamba kuna baridi. "Basi ufaulu," akasema. "Huyu hana mwingine."

*

Siku ya mtihani Redio aliamka mapema, akampigia pasi sare, akamjazia chupa ya chai, na mlangoni akasema neno moja tu: "Payuka."

Ukumbi ulikuwa umegawanywa kwa mapazia, vituo vitano, kila kituo dakika chache na kengele. Kituo cha kwanza alibisha hodi kwenye pazia, jambo lililomfanya mtahini ainue macho. Cha pili akanawa kwa maneno na kwa mikono. Cha tatu mtoto aliyekataa kupumua, yule yule wa plastiki au ndugu yake, naye alimhudumia huku akimweleza kila hatua. Cha nne kikapita.

Cha tano kilikuwa damu. Mtahini wake alivaa miwani yenye kamba shingoni, na uso wake haukumwambia mtu kitu. Kitambaa chekundu kilikuwa kimetandazwa chini ya mwanasesere mkubwa. Mkunga akasalimu, akauliza jina, akaita msaada kwa sauti, akaweka mkono tumboni.

Mikono ikaanza kazi. Mdomo ukafunga.

Hapo umenyamaza, akasikia. Unafanya nini hapo?

Akafungua mdomo, na safari hii maneno yalifurika. Nakanda mfuko wa uzazi, bado laini, naendelea kukanda. Natazama kondo la nyuma kama limetoka lote. Naomba sindano ya kubana mfuko wa uzazi. Natundika dripu. Nampima presha. Mama, usiogope, niko hapa, damu inapungua. Hajawahi kusema vizuri hivyo maishani mwake. Yalimtoka bila mawe ya kukanyagia, kama maji tu.

Akainua macho. Kalamu ya mtahini ilikuwa imesimama hewani.

Haikuwa imeandika kitu. Na juu ya uso ule uliofungwa kulikuwa na kitu kama huzuni, maana mtahini haruhusiwi kumsaidia mtu. Mkunga akasikiliza sauti yake mwenyewe iliyokuwa bado masikioni. Alikuwa amesema yote kwa Kiswahili.

Alikuwa amemwambia mama yake.

Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika moja na nusu. Machozi yalipanda. Akayarudisha yalikotoka. Hakutoa mkono tumboni, kwa sababu mkunga hatoi mkono tumboni damu ikiwa haijakata, mgonjwa awe wa plastiki au wa nyama.

"Samahani," akasema kwa lugha yao. "Narudi mlangoni."

Mtahini akakunja uso, hakuelewa. Si neno. Mkunga akaanza upya, mkono mmoja unakanda, macho kwenye uso wa mtahini, sentensi moja baada ya nyingine, hakukimbia, maana nani anamkimbiza? Nimeita msaada. Nakanda mfuko wa uzazi. Natazama kondo la nyuma. Naomba sindano. Kalamu ikashuka. Ikaanza kutembea. Natundika dripu. Nampima presha. Damu inapungua, mama, niko hapa. Mfuko sasa ni mgumu chini ya mkono wangu. Naandika muda.

Kengele ikalia juu ya neno la mwisho.

Mtahini alifunika kalamu yake. Hakusema kitu, haruhusiwi. Lakini Mkunga alipofika kwenye pazia, yule mama mwenye miwani alikuwa ameshasimama na kulishikilia lisimguse usoni.

*

Wiki tatu baadaye barua ilifika. Redio ndiye aliyeikuta kwanza, akaificha chini ya kopo la sukari isilowe, na hiyo ndiyo ilikuwa siri pekee aliyowahi kuitunza, kwa muda wa saa mbili.

Mkunga aliisoma jikoni, amesimama, koti bado mwilini. Akaisoma tena. Redio akiwa ameuma kitambaa cha vyombo asipige kelele, Mkunga akachukua simu.

Wifi akaipokea, akaiegemeza kwenye kikombe. "Mama, mwanao huyu hapa."

"Ee, mwanangu," mama akasema. "Nakusikiliza."

Hakuna kilichotoka. Mkunga alishika barua kwa mkono mmoja na ukingo wa meza kwa mwingine, na upande wa pili mama yake aliinamia kikombe, akingoja, mpaka akachoka kungoja.

"Hapo umenyamaza. Unafanya nini hapo?"

"Nalia, mama."

"Unalia. Haya. Na mkononi umeshika nini?"

"Barua."

"Inasemaje?"

"Imesema nimepita."

Nyuma ya mama wifi alipiga kelele na kitu fulani cha bati kikaanguka. Redio naye akaachia kitambaa. Mama peke yake hakupiga kelele. Alikaa kwa muda, akipumua, na binti yake aliitambua pumzi hiyo pia.

"Rudi mlangoni," mama akasema mwishowe, sauti imelowa.

"Mama, nimeshapita!"

"Nimesikia. Sasa nataka kuiona yote. Anzia barua ilipofika."

Basi Mkunga akatoka jikoni na simu yake, akaufunga mlango, akabisha hodi.

"Nimeingia," akasema. "Redio yuko karibu na jiko, amekumbatia kopo la sukari. Nimevua koti. Naenda kwenye bomba, mama, na leo lina maji. Nanawa mikono."